Betri haifi ghafla: vipima betri vya Bluetooth na namna ya kuvisoma

Ndugu zangu madereva, mafundi, na nyie wenye magari, habari zenu na asanteni sana kwa kuja. Nimeombwa niongelee hivi vipima betri vya Bluetooth, vile vidude vidogo vinavyofungwa kwenye betri ya gari halafu volti unazisoma kwenye simu. Nitaongea kifundi kidogo ila mtanielewa, hii kitu haina uchawi wowote. Ninachotaka kuwaambia hasa ni kimoja: usinunue betri mpya kabla hujajua ya zamani imeuliwa na nani. Maana nawaona watu wanabadilisha betri, mwezi haujaisha mpya nayo imelala, mtu anaanza kugombana na aliyemuuzia, kumbe altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kuichaji betri, haichaji vizuri, au kuna taa inawaka kwenye buti usiku kucha na hakuna aliyewahi kuiona. Betri inabebeshwa kesi isiyo yake.

Na jambo la pili linaloniuma, kila mtu anasema betri yangu imekufa ghafla, jana ilikuwa nzima. Hapana jamani. Betri ya risasi na asidi, hii hii aliyoianzisha Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo bado ndo iko kwenye magari mengi sana, inakufa polepole, kwa wiki au miezi, na muda wote huo volti zinasema. Tatizo ni kwamba hakuna anayezisikiliza. Dashibodi inakuwashia taa nyekundu ya betri altaneta ikishaacha kuchaji, lakini kuhusu afya ya betri yenyewe haikuambii kitu mpaka siku stata, ile mota inayozungusha injini ukiwasha gari, inapogoma.

Kifaa chenyewe kina waya mbili zenye pete mwishoni, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, basi. Ndani kuna kipimo cha volti, kumbukumbu kidogo ya kutunza historia, na Bluetooth ile inayokula umeme kidogo sana iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010. Watu wananiuliza, sasa chenyewe si kinanyonya betri? Kinanyonya ndiyo, ila vile vya kawaida ni milliampea moja au mbili tu, kwa mwezi mzima haifiki ampea-saa moja na nusu (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), na betri ya gari dogo ina kama 45 mpaka 60. Kwa gari linalotembea hiyo haihesabiki. Kwa gari linaloachwa miezi sita halijaguswa hiyo ni habari nyingine, lakini hapo dawa ni chaja ya kutunza betri, kipimo peke yake hakijazi umeme.

Haya, tuje kwenye namba maana ndo kazi yenyewe. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikijaa kinatoa kama volti 2.1, kwa hiyo betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma 12.6 mpaka 12.7. Zile za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo, zinapanda kidogo, 12.8 hivi. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12.0 ina robo, na 11.8 hiyo kwa kazi ya kuwasha gari ihesabu imekwisha. Angalieni nafasi ilivyo ndogo, kutoka kujaa mpaka kuisha ni kama volti 0.8 tu! Ndo maana ile ya kusema "nimepima ina 12, iko sawa" inawaumiza watu wengi, 12 sio sawa, 12 ni betri yenye njaa. Na betri ikikaa na njaa siku nyingi, chini ya 12.4 kila siku, zile bamba za ndani zinaota salfeti ya risasi, mwanzoni ni laini na ukichaji inarudi, ikikaa muda inakuwa ngumu na hairudi tena, hapo ile nafasi ya kubeba umeme imepotea moja kwa moja. Betri nyingi zinazotupwa zimekufa hivyo. Sio uzee, ni njaa ya muda mrefu.

Apu nyingi zinaonyesha na asilimia, namba kubwa katikati ya skrini, 87%, 64%. Mimi nawaomba muiache hiyo. Kifaa kinachopima volti peke yake hakijui asilimia, kinakisia kutokana na volti, na kinakisia vibaya zaidi wakati gari linawaka au limezimwa sasa hivi. Soma volti, tena soma za wakati sahihi.

Wakati sahihi ni upi? Ni asubuhi kabla hujafungua mlango. Nasisitiza kabla ya kufungua mlango, na hapa ndo Bluetooth inamshinda yule fundi mwenye multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Ukitaka kupima kwa multimita lazima ufungue mlango uvute boneti, na ukishafungua mlango tu taa za ndani zinawaka, kompyuta za gari zinaamka, volti zinashuka, unapima gari lililoshtuliwa usingizini. Kwa simu unasimama pembeni ya gari, unasoma, limelala kabisa halijui kama upo. Hiyo namba ya asubuhi ndo namba ya kweli kuliko zote. Ile ya jioni ukizima injini usiiamini, utaona 12.9 au 13.0 ufurahi bure, ile ni chaji iliyobaki juu juu, ni povu la maziwa yanayochemka, subiri masaa kadhaa litulie ndo ujue sufuria ina nini. Na magari ya sasa hayalali ukizima swichi, mengine kompyuta zake zinachukua nusu saa na zaidi ndo zote zizime, kwa hiyo ule mshuko wa mwanzo mwanzo kwenye grafu usikutishe.

Kinachotakiwa kukutisha ni mteremko wa usiku kucha. Hebu tupige hesabu pamoja. Gari zima likiwa limelala linakula kama milliampea 20 mpaka 50, za saa, alamu, redio kukumbuka stesheni na vitu vya namna hiyo. Tuchukue hiyo 50, kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa betri ya 60 ni asilimia mbili, kwenye grafu utaona mshuko wa kama 0.02 kwa siku, yaani mstari karibu umenyooka. Sasa chukua taa ya buti, balbu ndogo tu ya wati 5. Wati 5 kwa volti 12 ni kama ampea 0.4, kwa siku inakula ampea-saa 10! Betri ya 60 inafika nusu ndani ya siku tatu, na kwenye grafu unaona inashuka kama 0.15 kila siku. Huhitaji kuwa fundi kuona tofauti ya 0.02 na 0.15, mstari mmoja umelala na mwingine unateremka mlima.

Kuna gari moja lililetwa kwangu, betri imeshabadilishwa tayari na mpya ilikuwa imeanza kulala, mwenye gari ameambiwa abadilishe na altaneta. Tukafunga kipimo, tukaliacha lilale. Grafu ikaonyesha altaneta haina shida hata kidogo, 14.3 tulivu injini ikiwaka, lakini likizimwa tu mstari unateremka vilevile mpaka asubuhi, hausimami. Hapo unajua kuna kitu kinawaka muda wote, maana kingekuwa kifaa kinachoamka na kulala ungeona ngazi ngazi. Sasa mafundi nisikilizeni hapa: hatukuchomoa fyuzi, ukichomoa na kurudisha unaziamsha kompyuta na unaanza kusubiri upya. Tulipima millivolti juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake, zile ncha mbili ndogo zinazoonekana kwa juu, fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Moja ikasoma. Ilikuwa ya taa za ndani, na taa yenyewe ni ya buti, swichi yake imepinda kidogo haibonyezwi mlango ukifungwa. Tukainyoosha. Altaneta haikubadilishwa, na ile betri baada ya kuchajiwa vizuri ikaendelea na kazi.

Tuje kwenye kuwasha. Stata ndo mla umeme mkubwa kuliko wote, tangu Cadillac walipoiweka kwenye magari yao mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, ili watu waache kuzungusha injini kwa mkono. Gari dogo la petroli linavuta ampea mia na kitu mpaka mia mbili, dizeli zaidi ya hapo. Kwa hiyo volti lazima zidondoke ukipiga stata, swali ni mpaka wapi. Ikidondoka mpaka 10 na kitu, sawa. Ikianza kupita chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, hiyo betri imeanza kuchoka. Ila msiiangalie siku moja mkahukumu, angalieni inavyokwenda, mwezi huu inadondoka mpaka 10.4, mwezi ujao 10.1, baadae 9.7, hiyo ndo betri inayokufa na inakwambia mapema kabisa. Na mjue vifaa vya bei ndogo vinapima taratibu, ile sehemu ya chini kabisa vinaweza visiidake, kwa hiyo linganisha kifaa chako na chenyewe, usilinganishe na cha jirani.

Na hapa kuna utundu mmoja mzuri sana. Gari haliwaki, stata inafanya tik tik tik, kila mtu anapiga kelele betri, leteni waya tubusti. Tulia, angalia simu. Volti zikidondoka mpaka 7 au 8 kwenye kila tik, basi kweli umeme hautoshi. Lakini zikibaki 12.3 palepale na stata haizunguki, betri haijaombwa chochote, umeme hauendi, tafuta waya wa athi unaoshika bodi na injini, waya wa stata au stata yenyewe. Ila kuna mtego: pete za kipima betri huwa tunazifunga kwenye bolti ya kile kibano cha waya, sio kwenye kichwa cha betri chenyewe, kwa hiyo kama kuna ule unga mweupe au wa kijani kati ya kibano na kichwa, kipimo kitaonyesha volti zinadondoka vibaya na betri itaonekana mbovu wakati ni uchafu tu. Safisha vichwa vya betri kwanza, kaza, halafu ndo usome. Dakika kumi za brashi ya waya zimeokoa betri nyingi.

Kuhusu altaneta nitapita haraka. Injini ikiwaka unataka uone 13.8 mpaka 14.7 hivi. Ikibaki 12 na kitu inashuka huku injini inaunguruma, altaneta haichaji au mkanda unateleza. Ikipita 15 na kubaki huko, inaipika betri. Isipokuwa, na hili linawachanganya mafundi wazoefu kabisa, magari ya miaka ya karibuni yana altaneta inayoongozwa na kompyuta, ukiwa unatembea kawaida inaweza kushuka mpaka 12.5 kwa makusudi kupunguza mafuta, ukiachia mwendo inapanda mpaka karibu 15. Apu inapiga kelele "haichaji" na haijui. Angalia safari nzima kwenye grafu, ukiona inapanda na kushuka hivyo na namba ya asubuhi ni nzuri, liache gari la watu. Tena hiyo namba ya asubuhi inasema na jambo lingine: kama kila siku safari zako ni za dakika kumi kumi, betri haipati muda wa kujaa hata altaneta iwe mpya, betri ya asidi inahitaji masaa kujaa, na grafu itakuonyesha kila asubuhi imeshuka kidogo kuliko jana. Hapo hakuna kibovu, chomeka chaja usiku mmoja mara moja moja.

Sasa ndugu zangu wa malori, hii ni ya kwenu na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Lori lina volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa moja baada ya nyingine. Mtu anapima ncha na ncha anapata 25.2, anasema zimejaa. Lakini 25.2 inaweza kuwa 12.9 na 12.3! Na inatokeaje? Dereva anataka redio ya volti 12, chaja ya simu, taa ya kusomea, fundi anachomoa waya kwenye betri moja tu, ile ya chini, yaani ambayo hasi yake imeshika bodi, anapata 12 zake kirahisi. Kuanzia siku hiyo betri moja inaliwa na mwenzie haliwi. Altaneta yenyewe inaona jumla tu, inasukuma 28.2 ikidhani kila mmoja anapata 14.1, kumbe ile inayoliwa inabaki na 13.4 na ile nyingine inapata 14.8. Moja inakufa kwa njaa na mwenzie anakufa kwa shibe, anachemka mpaka maji yanakauka. Halafu zinatolewa zote mbili, zinafungwa mpya zote mbili, na waya wa redio unarudishwa palepale!

Kwenye lori weka vipima betri viwili, kila betri na chake, apu nyingi zinakubali zaidi ya kimoja, vipe majina usichanganye. Zikiachana zaidi ya 0.2 hivi zikiwa zimepumzika, una shida. Dawa ni kutafuta kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinachochukua kwenye betri zote mbili, au kile kifaa cha kusawazisha betri, na ule waya wa redio uondoke. Halafu muwe makini, kipima cha betri ya juu waya wake mweusi unaenda kwenye hasi ya betri hiyohiyo, sio kwenye bodi, ukiushika kwenye bodi kinapata 24 na kama kimetengenezwa kwa 12 tu unakiunguza.

Wenye betri za lithiamu, zile LiFePO4 kwenye magari ya kulala na ya safari ndefu, kipima volti hakiwafai, nawaambia mapema msipoteze hela. Ile betri volti zake zimelala, kuanzia karibu imejaa mpaka inakaribia kuisha inakaa 13 na ushee tu, huwezi kujua iko wapi. Nyie mnataka kifaa chenye shanti, kile kipande cha shaba kinachofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka, nacho kinaongea na simu kwa Bluetooth vilevile, au betri yenye BMS yake ndani, yaani saketi inayoilinda na kuisimamia betri, inayosomeka kwenye simu. Na wenye magari ya umeme msijisahau, magari hayo mengi yana betri ndogo ya volti 12 pembeni, haiwashi injini lakini ndo inaamsha kompyuta na kuunganisha ile betri kubwa. Ikilala, gari lenye betri kubwa imejaa linabaki jiwe, hata milango inaweza isifunguke. Kwa hiyo nyie pia kipimo kinawahusu.

Kufunga ni rahisi ila fanyeni kwa adabu. Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inapiga cheche kubwa, na betri iliyotoka kuchajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, sio mchezo. Kifaa kibandike ubavuni mwa betri au karibu yake, mbali na ekzosi na mbali na feni, waya ufungwe usichezecheze. Joto lenyewe ni adui wa betri pia, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka maisha ya betri yanapungua karibu nusu, kwa hiyo ukikuta ile kinga ya joto inayozunguka betri usiitupe eti inakuziba kufunga kipimo. Na Bluetooth chini ya boneti ya chuma haiendi mbali, msitegemee kusoma mkiwa ghorofani kitandani. Ukikaribia gari apu inavuta historia yote ya usiku. Kama simu haikioni, mara nyingi kuna simu nyingine imeshakishika, vingi vinaongea na simu moja kwa wakati.

La mwisho ni hizo apu zenyewe, na hapa nawaomba sana. Mwaka 2023 mtafiti mmoja wa usalama aliichambua apu ya kipima betri maarufu akakuta inatuma mahali mtu alipo kwenda kwenye seva za mbali. Kipima betri! Hakina sababu yoyote ya kujua unalala wapi. Kwenye Android za zamani, kuanzia 6 mpaka 11, kutafuta kifaa cha Bluetooth kulidai ruhusa ya lokesheni, hiyo ni simu yenyewe ilivyokuwa, lakini tangu Android 12 ya mwaka 2021 kuna ruhusa ya peke yake ya vifaa vya karibu. Kwa hiyo kama simu yako ni ya 12 kwenda juu na apu bado inang'ang'ania lokesheni, ikatalie, na ikigoma kufanya kazi, rudisha hicho kifaa dukani utafute kingine. Na wenye simu za zamani, iruhusu wakati unaitumia tu, intaneti ukizima volti zinasomeka kama kawaida.

Nimeona nje kuna lori na magari madogo kadhaa yamekaa tangu asubuhi injini zimepoa, milango haijaguswa. Naomba msifungue kitu. Tuanze na lori, dereva wake anasema amebadilisha betri zote mbili na ya upande wa kulia imeanza tena kukaukiwa maji. Nataka kabla ya yote tuangalie redio yake imechukua umeme wapi.